Tarehe Mosi Julai

Ghorofa ya nne, Mtaa wa Sokoine, kiyoyozi kinakohoa.
Tumepewa miezi tisa kuhamisha nyumba
ambayo ramani yake aliondoka nayo aliyeijenga.
Mistari laki mbili na kumi na saba elfu,
herufi kubwa tupu,
kama mtu anayemsomea barua babu kiziwi.

Sikuidharau. Naapa.
Basi, niliidharau wiki mbili za kwanza.
Halafu nikaiona adabu yake:
hakuna programu inayoshika kazi kabla ya kujitaja,
mimi ni fulani, kaniandika fulani, mwezi fulani,
mashine yangu ni hii, vyombo vyangu hivi,
ndipo, mkiridhia, nianze.
Lugha yetu mpya huingia bila hodi,
ikala, ikanawa baadaye.

Osward anasoma kwa sauti, mimi naandika.
MSHAHARA-GHAFI. MAKATO-JUMLA. FUNGU-LA-MJANE.
Nukta moja ikidondoka mwisho wa sentensi
mjane wa Kigogo anarudi mikono mitupu,
au analipwa mara mbili na hasemi.

Kila mstari una ukuta, safu ya sabini na mbili.
Kinachovuka hapo mashine haikisikii.
Zinabaki nafasi nane, za namba za kadi,
na humo, kumbe, mwandishi alikuwa akijisemea:
Z.M.MVUA
UMEMEHNA
na mstari wa elfu tisini, mwaka themanini na nne,
NIMECHOK,
herufi ya mwisho haikupata pa kukaa.

Machi tukafanya jaribio.
Watu mia nne na kumi na wawili
wamezaliwa siku moja, tarehe mosi Julai.
Mkaguzi akavua miwani. Hewa, akasema.
Wastaafu hewa hao. Futeni.
Osward akaniangalia.
Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Mbagala Kizuiani, nyuma ya duka la mitungi ya gesi,
Bi Zamoyoni Mtulia alikuwa akihesabu chenji
kwa mafungu ya nane nane.
Nikamwonyesha karatasi. Akaiweka mbali na macho,
akacheka, akaacha kucheka.

"Hawa makuli wa bandarini.
Ukimuuliza, mzee, umezaliwa lini,
anakwambia mwaka wa nzige.
Anakwambia mwaka mto ulipochukua daraja.
Sasa ile mashine, mwanangu, nzige ilikuwa haiwajui.
Ikiona pengo kwenye tarehe inamruka mtu,
mshahara haupo, na mgongo umeshabeba magunia.
Nikakaa usiku. Nikawapa wote Julai mosi,
siku ambayo hata serikali huanza kuhesabu upya.
Nani angelalamika?
Mmoja alirudi, Mzee Likumbo, na pakiti ya biskuti.
Alisema hajawahi kuwa na siku."

Nikauliza kwa nini hakuandika maelezo.
"Niliandika. Soma vizuri."
Na kweli, mstari wa juu yake, nje ya ukuta:
WANAPUMU.
Miezi mitano tulidhani ni ugonjwa wa kifua.
"Wanapumua," akasema. "Herufi ziliniishia."

Tumewahamisha wote, na siku yao.
Mkaguzi alitaka uthibitisho, tukampelekea watu:
walikuja Jumatano, wengine kwa mkongojo,
wakajaza korido mpaka kwenye ngazi,
wakamsalimia mmoja mmoja
hata akakosa sauti ya kuitikia.

Ile mashine ilizimwa Ijumaa moja bila hotuba.
Ukimya wake ulikuwa na uzito wa kabati.
Nikampigia Bi Zamoyoni kumwambia.
Aliuliza jambo moja tu:
"Na nukta zangu?"
Nikamweleza, lugha mpya haihitaji nukta,
mstari ukiisha umeisha, unashuka unaendelea.

Akanyamaza. Nyuma yake mtungi uligonga mtungi.
"Sasa nyinyi," akasema, "mtajuaje
kama mmemaliza"